Mafunzo ya ubobezi wa magonjwa ya damu ya kurithi: nyota nne, na ile ya tano niliyoinyima

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: mafunzo haya ninayapa nyota nne kati ya tano. Kama wewe ni muuguzi, daktari, mtu wa maabara au wa ustawi wa jamii, na kazi yako inakukutanisha na wenye selimundu, thalasemia (upungufu wa damu wa kurithi) au himofilia (damu kutoganda ipasavyo), omba nafasi. Ila omba ukijua kwamba unakwenda kufundishwa kufundisha. Anayetaka cheti tu cha kutundika ukutani atachoka mapema, maana sehemu kubwa ya mwaka utakuwa umekaa na wazazi na vijana wenye maswali magumu, huku mkufunzi yuko pembeni anasikiliza unavyojibu.

Hospitali sitaitaja. Nina malalamiko nayo, na wengi niliofanya nao kazi huko bado naheshimiana nao. Isitoshe, programu za namna hii hufanana kwa mengi. Mifupa ya hii yetu ni: mwaka mmoja, hospitali ya rufaa yenye kliniki kubwa ya magonjwa ya damu, washiriki wachache, nusu ya muda elimu kwa wagonjwa na nusu ya pili uendeshaji wa huduma. Kwa hiyo nitakayosema yatakufaa hata kama mlango utakaoubisha ni mwingine.

Mimi ni muuguzi niliyetoka wodi ya watoto. Darasani kwetu walikuwamo madaktari, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na fundi sanifu wa maabara, na huyu wa mwisho ndiye aliyetunyoosha wote. Wiki za mwanzo ni za maabara, na nilidhani zitakuwa za kusinzia. Hazikuwa. Alitusomea michoro ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, mstari kwa mstari mpaka madaktari wakaanza kuandika. Tulitoka tukijua, kwa mfano, kwamba kile kipimo cha haraka cha kuchanganya damu na dawa na kutazama kama mchanganyiko unakuwa na ukungu hakiwezi kumtenga mwenye ugonjwa na aliyebeba kinasaba kimoja tu. Na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema hamna kitu wakati kitu kipo, kwa kuwa himoglobini ya utotoni bado imejaa. Nimewaona wazazi waliopewa majibu ya kipimo hicho wakakaa na utulivu usio na msingi. Pia tulijifunza kwamba majibu ya mtoto mchanga yakisomeka FS, yaani himoglobini ya utotoni (F) na ya selimundu (S) tu, kazi haijaisha: huenda ni selimundu kamili, huenda ni selimundu iliyochanganyika na thalasemia ya beta, na ukitaka kujua ni ipi, damu ya wazazi inasaidia sana.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, usizikwepe wiki hizo. Wenzangu wawili walijaribu kuomba ruhusa, wakakataliwa, na baadaye wakashukuru.

Sasa elimu yenyewe, ambayo ndiyo iliyobeba nyota zangu zote nne.

Sheria ya kwanza ya mkufunzi wetu mkuu, mama mmoja mkali mwenye sauti ya chini, ilikuwa hii: somo halijaisha mpaka mwenye mtoto akueleze wewe. Unaingia chumbani, unaeleza, halafu unamwomba mzazi akwambie kwa maneno yake atafanya nini leo usiku mtoto akichemka. Usimuulize, “Umeelewa?” Swali hilo lilikuwa marufuku, na aliyeliuliza alirudishwa kuanza upya mbele ya mzazi huyohuyo. Tuliona aibu, lakini ilifanya kazi. Mzazi akiulizwa kama ameelewa atasema ndiyo, hasa akiwa mbele ya koti jeupe. Akiambiwa aeleze, ndipo unasikia kwamba ameelewa ampe dawa ya kushusha homa kwanza na kuja asubuhi, wakati wewe ulimaanisha aje sasa hivi. Kwa mtoto mwenye selimundu, homa ya nyuzijoto 38.5 ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu bandama yake imeshachoka na bakteria wanaweza kummaliza kwa saa chache. Ni jambo ambalo mzazi anatakiwa awe nalo mdomoni kabla hajaondoka.

Bandama ilikuwa na siku yake. Tulifundishwa kuwafundisha wazazi kuipapasa: mtoto amelala chali, vidole vinaanzia chini tumboni upande wa kushoto, vinapanda taratibu kuelekea mbavu. Damu ikinasa ghafla ndani ya bandama, mtoto anaweza kupauka na kulegea akiwa nyumbani, na mkono wa mama ndio kipimo cha kwanza. Kulikuwa na baba mmoja, mtu wa maneno machache, ambaye alikataa katakata kwamba hiyo ni kazi ya mama. Aliomba aonyeshwe yeye, akarudia, akarudia tena, kisha akamfundisha mkewe pale pale. Mkufunzi hakuongeza neno. Aliandika tu kwenye daftari lake.

Somo la urithi lilifanywa kwa sarafu, na sijaona njia bora. Baba anapewa sarafu, mama anapewa sarafu, kila moja upande mmoja umeandikwa A, kinasaba cha kawaida, na wa pili S, kinasaba cha selimundu. Wanazirusha pamoja, wanasoma, wanarusha tena. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa mtoto aliyebeba tu, na asilimia 25 wa mtoto asiye nacho kabisa. Namba hizo kila mtu anaziandika kwenye vipeperushi. Kisichoandikwa ni kwamba wengi husikia “mmoja kati ya wanne” wakadhani mgonjwa wao ameshazaliwa, hivyo watatu wanaofuata wako salama. Sarafu zikianguka S na S mara mbili mfululizo mezani, maelezo yako marefu hayana kazi tena. Unakaa kimya, unawaacha watazamane. Kuna mara mama mkwe alikuwemo chumbani, amekuja na lawama zake zote kwa upande wa mke, na sarafu ya mwanawe ikaonyesha S sawasawa na ya mkewe. Nadhani zoezi lile liliokoa mengi zaidi ya tulivyokusudia.

Kisha haidroksiyurea. Hapa programu hii iko mbele ya nyingi nilizosikia. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, na kwa watoto mwaka 2017. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo ya Kinshasa, Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha watoto waliotumia dawa hii walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, waliugua malaria mara chache, na vifo vilipungua. Pamoja na hayo, mzazi akisoma kikaratasi cha ndani ya boksi anakutana na saratani, anakifunga na kurudisha kabatini. Wengi wetu tulikuwa tumezoea kulipita neno hilo kwa haraka. Mkufunzi alitufundisha kulitangulia: mwambie mwenyewe, kabla hajalisoma, kwamba dawa hii hutumika pia kwa baadhi ya saratani, kwamba kwa mwanawe kazi yake ni kuamsha ile himoglobini ya utotoni inayozuia chembe zisijikunje, kwamba matokeo hayaji kesho wala wiki ijayo bali baada ya miezi, na kwamba damu itapimwa mara kwa mara kwa sababu dozi kubwa hushusha chembe nyeupe. Ukisema hivyo, maswali yanakuwa mengi. Na hilo ndilo unalolitaka, kwa sababu mzazi aliyeuliza maswali kumi hurudi kliniki, na yule aliyeitikia “sawa dada” mara tatu humuoni tena.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumweleza mzazi wa mtoto anayecheza. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwani. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa, na jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1998 lilionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto hao mara kwa mara hupunguza kiharusi cha kwanza kwa asilimia 92. Mtoto mwenyewe wakati huo anaruka kwenye viti vya korido. Unamwambiaje mama kwamba huyu anahitaji kuongezewa damu kila mwezi, kwa muda usiojulikana, kwa sababu ya namba iliyoonekana kwenye skrini? Tulifanya mazoezi ya maongezi hayo sisi kwa sisi, mmoja akiigiza mzazi, na nakiri ndiyo maigizo pekee maishani ambayo sikuona haya kuyafanya. Mkufunzi alikata kila sentensi iliyoanza na takwimu. Anza na mtoto, alisema, namba itafuata.

Thalasemia walimkabidhi mgonjwa aifundishe. Mwanamke mtu mzima, anaongezewa damu tangu utotoni, aliyekuja na faili lake mwenyewe. Alituonyesha hesabu: kila chupa ya damu inaingiza mwilini miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, wakati mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku na hauna mlango wa kuyatoa yanayozidi. Yanakwenda kukaa kwenye ini, kwenye tezi, kwenye moyo. Alitueleza ujana wake na ile pampu ya deferoksamini, dawa ya kutoa chuma mwilini, sindano chini ya ngozi kwa muda wa saa 8 hadi 12 kila usiku, karibu kila siku ya wiki, na jinsi alivyokuwa akiichomoa wazazi wakishalala. Leo kuna deferasiroksi ya kumeza na mambo ni mepesi kidogo, ingawa kijana aliyechoka huacha kidonge vilevile. Alituambia kilichombadilisha ni kipimo cha MRI ya moyo (picha ya sumaku), kile kiitwacho T2*. Chini ya milisekunde 20 maana yake chuma kimeanza kuingia kwenye moyo, na yake ilikuwa chini. Daktari wake alimpa karatasi aishike mwenyewe badala ya kumpa mama yake. Saa ile moja na nusu ilikuwa na thamani kuliko mihadhara yote ya “ufuasi wa dawa” niliyowahi kukaa. Swali langu kwa waandaaji: kwa nini ilikuwa moja tu kwa mwaka mzima?

Himofilia nitaipita upesi kwa sababu na wao waliipita upesi. Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa hodari, alitufundisha kutazama goti lililovuja damu na kujua lini mtoto apumzike na lini aanze kutembea. Kumfundisha kijana kujidunga faktari yake mwenyewe, ile protini ya kugandisha damu, mshipani tulifanya kwa mikono. Hemlibra, dawa ya kuzuia kuvuja damu ambayo hudungwa chini ya ngozi na kwa wengine mara moja tu kwa wiki nne, ilipata muda wa kutosha. Wasichana hawakupata. Bado himofilia ilifundishwa kama habari ya wavulana, na mama na dada wanaobeba kinasaba wakatajwa kama njia tu ya ugonjwa kupita, ilhali baadhi yao wana faktari pungufu na wanavuja damu nyingi mno kwenye hedhi na uzazi. Nilinyoosha mkono kuhusu hilo. Nikaambiwa litaingizwa mtaala ujao.

Kwa upande wa kwenda na wakati, sina lawama. Mhadhara wa Oxbryta, dawa ya selimundu, ulikuwa tayari kwenye ratiba kampuni ya Pfizer ilipoiondoa sokoni duniani kote, Septemba 2024, kwa sababu faida yake haikuonekana tena kuzidi hatari. Mkufunzi hakuufuta. Aliugeuza kuwa somo la jinsi ya kumpigia simu mgonjwa aliyekuwa akiitumia dawa na kuipenda. Mhadhara wa tiba ya vinasaba nao ulikuwa wa kweli: Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, ilielezwa bila mbwembwe, pamoja na ile kemotherapia kali inayotangulia na hatari yake kwa uzazi. Wazazi huja na video za habari hizo kwenye simu, kwa hiyo ni lazima uwe na la kusema.

Sasa nyota niliyoinyima. Niliinyima sehemu ya uendeshaji wa huduma, na hasa kwa ajili ya wagonjwa watu wazima.

Masomo ya uendeshaji yalikuwa slaidi. Bajeti, mzunguko wa ubora, michoro yenye mishale. Wahadhiri walibadilishana na kila mmoja alianza na mishale ileile. Somo la kweli lilikuwa moja: tulipewa kazi ya kupima muda kati ya mgonjwa wa selimundu kufika idara ya dharura akiwa na maumivu makali na kupewa dozi ya kwanza ya dawa. Mwongozo wa Jumuiya ya Hematolojia ya Marekani wa mwaka 2020 unasema isizidi saa moja, kisha apimwe tena kila dakika 30 hadi 60. Kwenye kitengo cha matibabu ya mchana, ambako sisi tulifundishiwa, hilo linafanyika, na linafanyika vizuri: mgonjwa anafika, faili lina mpango wake binafsi wa dawa, muuguzi anaanza bila kumsubiri daktari. Ukivuka korido kwenda dharura, mgonjwa yuleyule, jioni kitengo kikiwa kimefungwa, anakaa kwenye benchi akitazamwa kama mtu aliyekuja kutafuta dawa za kulevya. Hasa akiwa kijana wa kiume. Hasa akitaja jina la dawa na kiwango kinachomsaidia, yaani hasa akifanya kile ambacho sisi kliniki tumemfundisha afanye.

Tulikusanya muda, tukaandika ripoti, tukaiwasilisha kwenye chumba chenye viti vingi vitupu. Wakuu wa dharura hawakualikwa. Ripoti ikapokewa kwa makofi na kuwekwa kwenye kabati pamoja na ripoti za waliotutangulia, ambazo, nilipozifungua, zilisema karibu yaleyale. Programu inayojigamba kufundisha uendeshaji ilikuwa na somo bora kuliko yote mbele ya mlango wake, na mwaka hadi mwaka inaliweka kabatini. Kwangu mimi, mshiriki akifundishwa namna ya kuingia ofisi ya mkuu wa idara nyingine akiwa na ripoti mkononi na kutoka na tarehe ya kuanza mabadiliko, slaidi zote za mishale zinaweza kufutwa.

Watu wazima wenyewe walipata mchana wa aina ya “na pia”. Inajulikana kwamba miaka ya kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima ni ya hatari kwa wenye selimundu, kwamba vijana wengi huanguka pale katikati, hawana daktari anayewajua, wanakimbilia dharura. Mtaala unalisema hilo, kisha unakupa muda mfupi kwenye kliniki ya watu wazima, na siku zenyewe huliwa na mikutano. Figo, macho, mapafu, nyonga iliyokufa kwa kukosa damu, kusimama kwa uume kunakouma kwa saa nyingi ambako wanaume hawakutaji mpaka uulize: hayo yote niliyajua kwa kung’ang’ania kukaa na muuguzi mmoja wa kliniki ile, ambaye hakuwa kwenye orodha ya wakufunzi na wala halipwi kwa hilo. Kama utaingia, mtafute mtu wa aina yake wiki ya kwanza. Kila hospitali inaye.

Mambo madogo madogo: posho ilichelewa, zamu za usiku hazikuandikwa kwenye barua ya kukubaliwa lakini zilikuwepo, na msimamizi wangu alikuwa mtu mzuri asiyepatikana. Maktaba ni nzuri. Cheti kinatolewa na hospitali, hivyo uliza mapema baraza lako la taaluma linakihesabuje, usije ukashangaa baada ya mwaka.

Kwenye usaili, watakuuliza kwa nini unataka kujiunga. Na wewe uliza. Uliza ni wagonjwa wangapi wanaofundisha darasani na kama wanalipwa. Uliza siku za kliniki ya watu wazima zimelindwa vipi. Uliza ripoti ya washiriki waliopita ilibadilisha nini dharura, na umwangalie anayejibu kama anageukia wenzake. Halafu omba ukae asubuhi moja kitengo cha matibabu ya mchana kabla ya kusaini chochote. Pale kwetu walikubali mara moja, na muuguzi wa zamu alinipa kiti karibu na dirisha la kupokelea, ambako unaona nani anaingia na anasubiri kwa muda gani.